Volti Hazisomeki Sawa Mang'ola na Ngorongoro: Mhadhara kwa Mafundi wa Pedali Kongwe

Fundi amefungua pedali ya gitaa, ameweka ncha nyeusi ya mita kwenye ethi na nyekundu kwenye kolekta ya transista ya pili, na mita inaandika hasi 2.1. Mchoro alionao unasema ilipaswa kuwa 4.5. Kifaa cha kulehemu kimeshapata moto na mkono unamwasha kung'oa transista. Mhadhara huu unamwomba asubiri kidogo. Katika pedali za miaka ya 1960, namba isiyotarajiwa kwenye mita mara nyingi haitokani na kifaa kilichokufa. Inatokana na mambo ambayo mchoro hauyataji: joto la chumba siku hiyo, aina ya betri, upande ambao ethi imefungwa, na tabia ya mita yenyewe.

Pedali inayozungumziwa hapa ni Fuzz Face, ile ya duara inayofanana na uso wenye macho mawili na mdomo. Kampuni ya Ivor Arbiter ya London iliiingiza sokoni mwaka 1966, na inasemwa kwamba umbo lake lilitokana na kitako cha stendi ya maikrofoni. Jimi Hendrix ndiye aliyeipa jina duniani, akisaidiwa na fundi Roger Mayer aliyekuwa akichagua transista moja moja kwa mkono. Ndani yake hakuna vitu vingi. Kuna transista mbili za gerimani, ambazo katika matoleo ya mwanzo zilikuwa za namba NKT275 na baadhi zikiwa AC128, rezista nne, kapasita tatu, vitasa viwili na betri ya volti 9. Saketi nzima inatosha kwenye kiganja. Ndiyo maana mafundi huidharau, na ndiyo maana huwasumbua.

Fazi, yaani sauti ya kukwaruza ambayo pedali hii huitoa, haikuwa na makao makubwa katika dansi la Tanzania. NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na baadaye Mlimani Park walijenga muziki wao juu ya gitaa la solo lililo safi, kila nota ikisikika peke yake, na solo, ridhim na besi zikipeana nafasi. Vyombo vingi vilikuwa mali ya chama, jeshi au shirika lililomiliki bendi, si vya mpigaji. Mwanamuziki asingeweza kuagiza kifaa cha London kwa sababu tu amekipenda. Fazi ilishamiri kwa jirani, Zambia, kwa bendi za WITCH na Ngozi Family, na hapa nchini kundi la Sunburst, lenye albamu ya Ave Africa ya mwaka 1976, lilikuwa karibu zaidi na roki kuliko dansi. Kwa hiyo pedali kongwe ikionekana leo Karatu, ni mgeni. Imekuja na mtalii, imenunuliwa mnadani, au imeundwa upya na kijana wa kwaya aliyefuata mchoro wa zamani. Mgeni huyu ana tabia moja ambayo ardhi ya huku inaianika kuliko mahali pengi: hapatani na mabadiliko ya joto.

Kabla ya kufika kwenye joto, yako makosa mawili ya awali.

La kwanza ni ile alama ya hasi. Transista za NKT275 na AC128 ni za aina ya PNP, na katika Fuzz Face ya gerimani ni upande chanya wa betri unaofungwa kwenye ethi. Ncha nyeusi ya mita ikikaa kwenye ethi, kila kipimo ndani ya saketi lazima kiwe hasi, na betri nzima itasoma hasi 9. Hakuna kilichoharibika. Hatari iko kwingine. Pedali nyingi zilizokuja baadaye zina ethi hasi. Mpigaji akichukua adapta moja yenye vichwa vingi, akachomeka fazi ya zamani pamoja na pedali ya kisasa, kisha akaziunganisha kwa waya wa gitaa, ethi ya waya huo inakutanisha chanya ya moja na hasi ya nyingine. Adapta inapigwa shoti. Mita itasoma sifuri au karibu yake, na fundi atatafuta kosa ndani ya pedali usiku kucha ilhali kosa liko kwenye waya uliolala sakafuni.

La pili ni sifuri ya aina nyingine. Katika pedali hizi betri huwashwa na jeki ya kuingizia gitaa. Pasipo waya kuchomekwa pale, upande wa betri haufiki kwenye ethi ya saketi, na hakuna volti popote. Fundi aliyefungua pedali mezani bila gitaa atapima maiti. Dawa ni kuchomeka waya mtupu kwenye jeki hiyo kisha kuanza upya.

Sasa joto. Wilaya ya Karatu na jirani yake Ngorongoro ni maabara isiyohitaji jokofu wala jiko. Mang'ola, penye mashamba ya vitunguu karibu na Ziwa Eyasi, iko mita elfu moja na kitu juu ya usawa wa bahari, na mchana jua linawaka hasa. Mji wa Karatu uko kwenye mita 1,500 hivi. Anayepita lango la Lodoare na kupanda hadi ukingo wa kreta anafika mita 2,300, ambako usiku wa Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10 na asubuhi ukungu unafunika barabara. Kimo peke yake, kwa wastani wa nyuzi sita na nusu kila mita 1,000, kinaondoa nyuzi nane kati ya Eyasi na ukingo. Ukiongeza tofauti ya mchana na usiku, gari moja linaweza kuipitisha pedali katika tofauti ya nyuzi 20 na zaidi ndani ya siku moja.

Transista ya silikoni ingevumilia. Ya gerimani huvuja, yaani mkondo mdogo hupita ndani yake hata pale ambapo hakuna aliyeuamuru, na kwa kanuni ya mafundi mkondo huo huongezeka maradufu kila joto likipanda nyuzi 10. Nyuzi 20 ni mara nne.

Hesabu ya karatasi inaonyesha jambo hili vizuri kuliko maneno. Ichukuliwe transista ya kwanza inayokuza mara 80 na kuvuja maikroampia 120 kwenye nyuzi 28. Ukigawa 120 kwa 80, ni sawa na maikroampia 1.5 zinazojiingiza zenyewe kwenye beisi. Ili transista hiyo ipitishe mkondo unaotakiwa na rezista yake ya omu 33,000, beisi inahitaji maikroampia 3.1 hivi. Kwa hiyo kwenye joto saketi inaongeza 1.6 tu. Kwenye nyuzi 8 uvujaji umeshuka hadi 0.4, na saketi inalazimika kuongeza 2.7. Nyongeza hiyo inapita kwenye rezista ya omu 100,000 inayotoka emita ya transista ya pili, na kila maikroampia moja inayopita pale inadai sehemu ya kumi ya volti. Ukijumlisha na volti ya beisi yenyewe, ambayo nayo hupanda kidogo kwenye baridi, emita ya pili inatoka volti 0.26 na kufika 0.41. Chini ya emita hiyo kuna kitasa cha omu 1,000, hivyo mkondo wa transista ya pili unatoka miliampia 0.26 na kufika 0.41.

Hapa ndipo namba ya mwanzo inapopata maelezo. Kwa transista kama hii, rezista ya kolekta ya omu 8,200 iliyochorwa na kiwanda haitoshi kuleta 4.5 kwenye joto. Waundaji wengi huiondoa na kuweka kirekebishi kidogo, kisha hukizungusha hadi mita isome 4.5. Aliyefanya hivyo Mang'ola jioni ya nyuzi 28 ataishia na jumla ya omu 17,000 hivi. Akiipandisha pedali hadi ukingoni usiku, miliampia 0.41 zikipita kwenye omu 17,000 zinakula volti 7 kati ya 9. Zinabaki 2. Mita iliyoandika hasi 2.1 ilisema kweli tupu, na transista ile ilikuwa nzima kabisa.

Sikio nalo linasikia. Kolekta ikiwa karibu na nusu ya betri, wimbi lina nafasi ya kupanda na kushuka kabla ya kukatwa. Ikishuka hadi 2, upande mmoja wa wimbi unakatwa mapema sana na sauti inakuwa nzito, ya kubana. Kinyume chake, pedali iliyorekebishwa kwenye baridi ikipelekwa kwenye joto la Eyasi kolekta yake hupanda kuelekea 9, transista ya pili inakaribia kuzima, na nota zinaanza kukatikakatika mwishoni, zikitoka kwa kukohoa. Kuna wapigaji wanaotafuta kikohozi hicho kwa makusudi. Hilo ni suala la ladha, ila inafaa mtu ajue kwamba amepewa na hali ya hewa.

Kuthibitisha ni rahisi. Fundi aache mita imeshika kolekta ya pili, kisha abane transista ya kwanza kwa vidole viwili. Mwili una nyuzi 37. Ndani ya sekunde chache namba itaanza kutembea, na ikiachwa itarudi polepole. Kama inatembea, joto ni mshukiwa. Jambo hilohilo linaeleza kwa nini vipimo vinavyochukuliwa mara tu baada ya kulehemu havina maana: mguu wa transista umetoka kuguswa na chuma cha nyuzi zaidi ya 300. Asubiri, hata kama mteja yuko mlangoni anapiga honi.

Mita nayo ina hatia yake. Ile ndogo ya njano inayouzwa karibu kila duka la vifaa vya umeme, ya aina ya DT-830, ina ukinzani wa ndani wa omu milioni 1. Kwa kupima betri au kolekta inatosha. Kwenye beisi ya transista ya kwanza, sehemu inayolishwa kupitia omu 100,000 kwa mkondo wa maikroampia moja au mbili, mita huanza kunywa sehemu ya kile inachopima. Mita ya mshale ya zamani, yenye omu 20,000 kwa kila volti, ni mbaya zaidi: kwenye kipimo cha volti 2.5 ukinzani wake ni omu 50,000 tu. Ikigusa beisi, transista ya kwanza inanyimwa chakula na inaelekea kuzima, ya pili inajaa mkondo, na saketi nzima inahama mahali ilipokuwa. Fundi anasoma hali ambayo haikuwepo kabla hajaweka mkono. Njia ya adabu ni kuiacha beisi kabisa, kupima emita ya pili na kolekta zote mbili, na kufanya hesabu kutoka hapo.

Mita hiyo ya njano ina kioja kingine. Inatumia betri ya volti 9 ya mraba, umbo lilelile la betri ya pedali. Betri ya mita ikichoka, kipimo chake cha rejea hushuka, na mita huanza kusoma juu kuliko ukweli. Fundi anapima betri mpya ya pedali, anaona 10.8, anaistaajabia betri. Aistaajabie mita. Na kama ana tabia ya kuhamisha betri zilizochoka kutoka kwenye pedali kwenda kwenye mita kwa kubana matumizi, atakuwa amejitengenezea uongo kwa mikono yake.

Kuhusu betri, wapenzi wa Fuzz Face husifu zile za kaboni na zinki, jamaa wa mawe ya redio, na kuzikataa za alkali. Kiumeme sifa hiyo ina msingi mdogo. Transista zote mbili kwa pamoja hazifiki hata miliampia moja, na betri iliyochoka nusu haitatikisika kwa mzigo mdogo hivyo. Tofauti iliyopo ni kwamba betri ya kaboni iliyotumika huenda ikatulia kwenye volti 8 badala ya 9.5, na volti moja na nusu inasikika. Mpigaji anayependa volti 8 angeweza kuzipata kwa njia nyingine nyingi. Lakini imani za wapiga gitaa hazivunjwi kwa mita.

Umeme usio wa betri ndio unaoleta maajabu zaidi mlimani. Nyumba na kambi zilizo mbali na gridi huishi kwa jenereta au sola, na hata mjini volti 230 za ukutani hupanda na kushuka. Adapta ya zamani yenye transfoma, isiyo na kidhibiti, iliyoandikwa volti 9, imepimwa kiwandani ikiwa imebeba mzigo mkubwa. Ikibebeshwa miliampia moja ya fazi, itatoa 13 au zaidi, na kila ukuta unapopanda nayo inapanda. Kolekta iliyopaswa kusoma 4.5 itasoma mbali juu ya hapo, na hakuna kilichovunjika. Kama kuna mngurumo, mita ihamishwe kwenye kipimo cha mkondo geu: mawimbi yaliyobaki kutoka umeme wa mizunguko 50 hutokea kama mizunguko 100, karibu kabisa na nota ya G kwenye waya mnene wa gitaa, pale kwenye freti ya tatu. Mpigaji mwenye sikio huitambua kabla ya mita.

Betri ya sola ya volti 12 nayo ina sura mbili. Ikiwa imejaa na imetulia inasoma 12.7, ikichajiwa adhuhuri inapita 14. Kidhibiti cha 7809, kidude cha miguu mitatu, kinatoa 9 safi ilimradi kinapewa 11 au zaidi, kwa hiyo usiku betri ikishuka chini ya hapo ndipo pedali inaanza kulegea. Hiki ndicho kifaa cha kwanza ambacho fundi wa vijijini angepaswa kuwa nacho dukani, kabla ya transista za bei mbaya.

Pedali za Boss za zamani zina hila yao pia. Zile zilizoandikwa adapta ya ACA ziliundwa zikitegemea adapta isiyo na kidhibiti inayotoa volti 12 hivi, na ndani zina rezista na dayodi ya kupunguza. Zikipewa adapta ya kisasa ya PSA yenye 9 kamili, ndani zinabaki na pungufu, taa inafifia, na mwenyewe anaamini pedali imezeeka. Akiichomeka pamoja na pedali nyingine kwenye adapta ileile, taa inang'aa ghafla, kwa sababu ethi ya jirani imeruka ile rezista. Hakuna aliyeitengeneza. Mwenyewe atabaki akibishana na wenzake kwamba pedali hupona zikikaa wawili wawili.

Vumbi jekundu la Karatu na ukungu wa ukingoni vinastahili sentensi chache tu. Pedali iliyolala garini kwenye baridi ikiingizwa ukumbini penye watu, unyevu hujikusanya kwenye bodi, na unyevu ukikutana na vumbi unakuwa njia ya umeme. Spiriti na mswaki mkavu huondoa matatizo mengi kabla mita haijawashwa. Kapasita ya kuingilia ikizeeka huvuja pia, na dalili yake ni ya pekee: volti za ndani hubadilika gitaa likichomekwa au kitasa chake kikizungushwa. Kapasita nzima haiwezi kuruhusu hilo.

Ikifika hapo, na joto, ethi, mita na umeme vyote vimesafishwa jina, ndipo transista ipimwe. R. G. Keen, Mmarekani aliyeandika kwa kina juu ya Fuzz Face, alieneza njia ambayo mtu anaweza kuifanya kwa rezista tatu na betri. Emita inafungwa chanya ya volti 9, na kolekta inapita kwenye omu 2,470 hivi, yaani 2,200 na 270 zikifuatana, kwenda hasi. Beisi ikiwa wazi, volti zilizo juu ya rezista hiyo ni uvujaji mtupu. Kisha beisi inafungwa hasi kupitia omu milioni 2.2, ambazo zinaipa maikroampia 4, na volti zinasomwa tena. Tofauti ya vipimo viwili ikizidishwa kwa 100 ndiyo ukuzaji wa kweli. Transista ya mfano wa juu ingesoma volti 0.30 kwanza na 1.10 baadaye: uvujaji wa maikroampia 120, ukuzaji wa 80. Mita yenye tundu la hFE, isiyojua kutoa uvujaji, ingeitangaza kuwa na zaidi ya 80.

Transista za kubadilishia haziko mbali. Redio nyingi za zamani za Philips zilibeba AC128 kwenye hatua ya mwisho ya spika, na maganda yake bado yapo kwenye mabaki ya mafundi redio. Hapo pana mtego. AC128 mara nyingi ilifungwa pamoja na AC127, mwenzake wa aina ya NPN, kopo lilelile, ukubwa uleule, tofauti ikiwa tarakimu moja iliyofutika nusu. Ikiingia AC127 kwenye saketi ya ethi chanya, namba zitakuwa za kichaa kuanzia kolekta ya kwanza. OC71, ya kioo iliyopakwa rangi nyeusi, yenye nukta nyekundu upande wa kolekta, ina lake pia: rangi ikibanduka, mwanga unaingia na kuongeza mkondo kama joto linavyofanya. Pedali ya namna hiyo itasoma kitu kimoja ikiwa na kifuniko na kingine ikiwa wazi mezani karibu na dirisha, na tone la rangi nyeusi ya kucha linatosha kuimaliza kesi.